Kamera Yafichua Rafiki na Adui Katika Bustani za Nottingham

Kaskazini-mashariki ya kitovu cha mji wa Nottingham, katikati ya Uingereza, vimeinuka vilima vya udongo mzito viitwavyo Hungerhill. Ndani ya jina hilo mna neno la Kiingereza lenye maana ya njaa. Lakini mgeni anayevipanda vilima hivyo mwezi wa Juni haoni dalili yoyote ya njaa. Huona kabichi zilizofungamana, maharagwe yaliyopanda vijiti, vitunguu, viazi ulaya, mawaridi na miti ya matofaa, vyote vikiwa katika viwanja vidogo vidogo vilivyotengwa kwa nyua za michongoma. Hizi ndizo bustani za St Ann's. Eneo lake ni kiasi cha hekta 30, zimegawanyika katika viwanja zaidi ya 600, nazo huhesabiwa kuwa bustani za namna yake zilizo kongwe na kubwa kuliko zote duniani.

Katika bustani za aina hii, zilizotapakaa kote Uingereza, huonekana jambo ambalo mgeni hulistaajabia. Mtu mzima, mwenye heshima zake, amepiga magoti mbele ya jani la kabichi, pua yake karibu iguse ardhi, mkononi ameshika kamera. Hakupotelewa na kitu. Anampiga picha mdudu. Akimaliza hapo hugeuza jiwe, akachungulia chini ya ubao uliooza, kisha akaandika maneno machache katika daftari.

Kwa mtazamaji wa mbali kazi hiyo ni kama mchezo wa watoto. Hata hivyo, imewafundisha wakulima wengi wa bustani jambo kubwa: kwamba katika shamba lolote adui ni wachache na marafiki ni wengi, na kwamba mkulima asiyeweza kuwatofautisha huwaua wote pamoja, kisha akabaki akishangaa kwa nini maadui wamerudi wakiwa wengi zaidi.

BUSTANI ZA MGAO

Uingereza ni nchi ya miji, na wakazi wengi wa mijini hawana ardhi ya kulima. Katika karne ya 18 na ya 19 sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa ikitumiwa na wanavijiji wote kwa pamoja ilizungushiwa nyua ikawa mali ya watu binafsi. Maskini wakakosa pa kulisha ng'ombe na pa kupanda mboga. Ndipo ulipoanza utaratibu wa kuwagawia watu vipande vidogo vya ardhi wavikodi kwa bei nafuu. Sheria ya mwaka 1908 ilizitaka serikali za mitaa kutoa viwanja hivyo pale wananchi wanapovihitaji. Kiwanja cha kawaida kina kiasi cha mita za mraba 250, nacho hakikusudiwi kujengwa nyumba ya kuishi. Humo mna kibanda cha kuwekea majembe, pipa la maji ya mvua, lundo la mboji, na matuta ya mboga.

Historia ya bustani hizo imefungamana na historia ya askari. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, sheria ya mwaka 1919 ilifungua mlango kwa askari waliorejea kutoka vitani wapate ardhi ya kulima. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizamisha meli zilizoleta chakula, na serikali ikawahimiza wananchi wachimbe ardhi kwa ajili ya ushindi. Viwanja vya michezo na bustani za mapumziko zikageuzwa matuta ya viazi. Kufikia mwaka 1943 viwanja vya mgao vilikuwa kiasi cha 1,400,000. Hivi leo vimebaki takriban 300,000 tu. Sheria ya mwaka 1925 inazikataza serikali za mitaa kuuza ardhi iliyotengwa kwa ajili hiyo bila idhini ya waziri. Hata hivyo bustani nyingi zimekwisha kumezwa na nyumba na barabara. Kila kiwanja kinachopotea hupotea pamoja na wakazi wake wote, wa miguu miwili na wa miguu sita.

MPIGA PICHA NI ASKARI WA DORIA

Anayetaka kuwaona viumbe hao hana budi kujifunza nidhamu ambayo kila askari wa doria anaijua. Kwanza ni saa ya kutoka. Mwili wa mdudu hupata joto lake kutoka nje. Jua likiwaka huwa mwepesi wa kuruka, na baridi ikimshika huwa mzito. Mwezi wa Juni katika mji wa Nottingham jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Huo ndio wakati mzuri. Kereng'ende aliyelala juu ya unyasi, mbawa zake zikiwa zimejaa umande, huweza kukaribiwa hadi jirani kabisa. Saa sita mchana kiumbe huyo huyo hamngojei mtu.

Pili ni mwendo. Wadudu wengi hawahofii sura ya mtu, bali hukihofia kivuli chake na mtikisiko wa hatua zake. Mpiga picha hodari hujua jua liko upande gani, akasogea polepole, akahakikisha kivuli chake hakimwangukii anayemtafuta. Mwenda pole hajikwai, wala hamwamshi kipepeo.

Tatu ni shabaha. Kamera inapokaribishwa sana na kitu kidogo, sehemu inayotoka wazi katika picha huwa nyembamba mno, pengine kama unene wa ukucha. Jicho likitoka wazi, mguu huwa na ukungu. Kwa hiyo macho ya mdudu ndiyo hulengwa kwanza. Mpiga picha hushuka chini hadi usawa wa kiumbe, kwa maana picha iliyopigwa na mtu aliyesimama wima huonyesha mgongo tu. Kukiwa na upepo, hushika shina la mmea kwa vidole viwili ili lisiyumbe. Hupiga picha ya juu, ya ubavuni na ya usoni, na mara nyingine huweka sarafu kando ili ukubwa wa kiumbe ujulikane.

Zamani kazi hii ilikuwa ya wenye fedha. Mkanda wa filamu ulikuwa na nafasi 36 tu, na mtu alingoja siku kadhaa kabla ya kuona kama amefaulu. Siku hizi hata simu ya mkononi hutosha kwa mwanzo, na picha iliyoharibika haigharimu kitu. Kisichobadilika ni uvumilivu na daftari. Tarehe, saa, hali ya hewa na jina la mmea alipokutwa mdudu huandikwa palepale, kwa sababu picha isiyo na maelezo ni kama taarifa ya ulinzi isiyotaja mahali.

Ziko pia hila nyepesi zinazowafurahisha watoto. Ubao ukilazwa juu ya udongo kwa juma zima, chini yake huhamia tandu, jongoo na mende wa ardhini. Mwavuli mweupe ukifunuliwa na kuwekwa chali chini ya kichaka, kisha tawi likagongwa mara mbili kwa fimbo, hudondoka humo buibui na wadudu ambao jicho halikuwaona. Shuka jeupe likitundikwa usiku mbele ya taa, nondo hulijia. Sharti ni moja: ubao hurudishwa taratibu mahali pake, na kila kiumbe huachiliwa alipotolewa.

RAFIKI MWENYE SURA YA ADUI

Picha kubwa iliyo wazi hufichua makosa ya macho. Mfano ulio maarufu ni wa mdudu kibibi, yule mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa saba meusi. Karibu kila mtu nchini Uingereza humjua na kumpenda, kwa kuwa hula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa maharagwe. Lakini mtoto wake hafanani naye hata kidogo. Ni mrefu, mweusi wa kijivu, ana mabaka ya rangi ya chungwa na ngozi ya vinundu, kama mamba aliyepunguzwa hadi ukubwa wa punje ya mchele. Wakulima wengi walipomwona juu ya maharagwe yao walimponda kwa vidole, wakidhani ndiye mharibifu. Kumbe mtoto huyo, kama mzazi wake, alikuwa akiwala vidukari waliokuwa wakiuharibu mmea.

Mfano wa pili huonekana kwenye kabichi. Kipepeo mkubwa mweupe hutaga mayai yake hapo, na viwavi wanaoanguliwa hula majani hadi yakabaki mishipa mitupu. Huyo kweli ni adui. Lakini pembeni mwa kiwavi anayekufa mara nyingi huonekana fungu la vifuko vidogo vya manjano kama hariri. Mkulima asiyejua huvidhania mayai ya kiwavi, akavifuta kwa hasira. Ukweli ni kwamba nyigu mdogo sana alimdunga kiwavi huyo alipokuwa mchanga, akataga mayai ndani ya mwili wake. Watoto wa nyigu wamekua humo, wametoka, na sasa kila mmoja amejisokotea kifuko. Anayevifuta vifuko hivyo huangamiza kikosi ambacho mwezi ujao kingewashambulia viwavi wengine.

Wa tatu ni nzi wa maua. Ana mistari ya manjano na nyeusi, naye huogopwa kama nyigu, ilhali hana mwiba. Kamera hutoa hukumu mara moja: nyigu na nyuki wana mbawa nne, nzi ana mbili, macho ya nzi ni makubwa na papasio zake ni fupi. Watoto wa aina nyingi za nzi huyo hula vidukari, na wazazi wao huchavusha maua.

Hata koa, konokono wasio na nyumba, wamesingiziwa. Mwaka 2022 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilitangaza kwamba hakitawaita tena koa na konokono waharibifu. Sababu yake ni kwamba kati ya aina 44 za koa zinazojulikana nchini humo, ni aina 9 tu zinazoelekea kula mimea ya bustani. Waliosalia hula majani yaliyooza na kuyarudisha ardhini yakiwa mbolea. Katika mwaka huo huo sumu mashuhuri ya kuua koa, ambayo pia iliwadhuru ndege na wanyama wadogo, ilipigwa marufuku kutumiwa nje ya majumba.

Kwa wapendao maajabu, lundo la mboji lina yake. Humo mna kidudu wa kijivu mwenye miguu 14, avaaye magamba kama deraya; huyo si mdudu hasa, bali ni jamaa wa kaa aliyehamia nchi kavu. Pia yumo mdudu mwenye koleo mkiani ambaye watu humchukia bure: jike lake hukaa na mayai yake wakati wa baridi, akiyalamba na kuyalinda yasiote ukungu, ulezi ambao ni nadra miongoni mwa wadudu. Na juu ya maua hunguruma nyuki wakubwa wenye manyoya mazito, ambao hawapatikani kwa asili katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara. Manyoya hayo huwawezesha kufanya kazi asubuhi ya baridi, wakati nyuki wa mzinga bado wamejikunyata.

MTAALAMU ALIYEPITIA KAMPALA

Anayeuliza ni viumbe wangapi wanaoweza kuishi katika kipande kidogo cha ardhi anaweza kujibiwa kwa hesabu. Kilomita 40 hivi kusini ya Nottingham uko mji wa Leicester. Hapo mtaalamu wa elimu ya wanyama, Dk. Jennifer Owen, aliichunguza bustani ya nyumba yake kwa miaka 30, tangu mwaka 1972 hadi 2001. Bustani hiyo ya mjini, yenye mboga, maua na miti ya matunda, ilikuwa na ukubwa wa mita za mraba 741, yaani kama viwanja vitatu vya mgao.

Kazi yake ina uhusiano na Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 mumewe, Denis Owen, alikuwa mwalimu wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Makerere, nao waliishi Kampala kabla ya kwenda Sierra Leone. Huko Afrika walitumia mtego wa wavu wenye umbo la hema kuwanasa wadudu warukao. Waliporudi Ulaya walitumia mtego kama huo, wakalinganisha nyigu vimelea wa Uganda na Sierra Leone na wale wa Uingereza na Sweden.

Hesabu ya miaka 30 ya bustani ya Leicester ilichapishwa katika kitabu mwaka 2010. Aina za viumbe zilizopatikana ni 2,673. Kati ya hizo mimea ilikuwa aina 474, wanyama wenye uti wa mgongo 64, na wadudu peke yao aina 1,997. Hayo yote yalikuwa katika bustani ya kawaida, kando ya barabara ya mji, ambayo mwenyewe hakuinyunyizia dawa ya kuua wadudu. Wapita njia wa miaka hiyo yote waliona maua na kabichi tu.

PICHA KAMA USHAHIDI

Mwaka 2004 aligunduliwa kusini-mashariki ya Uingereza mdudu kibibi mgeni, mwenye asili ya Asia, aliyekuwa amepelekwa bara la Ulaya ili awale vidukari. Mgeni huyo hushindana na wenyeji kwa chakula, na hata huwala watoto wao. Wataalamu walikuwa wachache, nchi ni kubwa. Wakawaomba wananchi, wakiwemo wakulima wa bustani na watoto wa shule, wapeleke picha za kila mdudu kibibi waliyemwona pamoja na tarehe na mahali. Kwa njia hiyo mwendo wa mgeni ulichorwa kwenye ramani mwaka baada ya mwaka, kama vile makao makuu yafuatavyo mwendo wa jeshi la uvamizi kwa taarifa za vituo vya mbele.

Watazamaji wa namna hiyo walisaidia pia kufumbua fumbo la kipepeo msafiri, mwenye mbawa za rangi ya chungwa zenye ncha nyeusi na madoa meupe, ambaye anaonekana Afrika na Ulaya vilevile. Mwaka 2009 vipepeo hao walifurika Uingereza kwa mamilioni. Ilijulikana kwamba wanatoka kusini, lakini haikujulikana kama watoto wao hufa kwa baridi au hurudi. Taarifa za maelfu ya watu wa kawaida zikaunganishwa na vipimo vya rada, na mwaka 2012 jibu likatolewa: hurudi wakati wa vuli, wengi wakiruka juu ya mita 500, mahali ambapo jicho haliwafikii. Safari nzima, kutoka Afrika hadi kaskazini ya Ulaya na kurudi, ni ya kizazi baada ya kizazi. Anayetua katika bustani ya Nottingham mara nyingi ni mwana au mjukuu wa aliyeondoka Afrika.

Habari nyingine si za kufurahisha. Mwaka 2017 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa Ujerumani kwa miaka 27 katika maeneo 63 ya hifadhi. Uzito wa wadudu warukao waliokuwa wakinaswa mitegoni ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 75. Uchunguzi huo ulisaidiwa mno na wapenzi wa wadudu waliokuwa wakipima na kuandika bila kuchoka. Lau si daftari zao, hasara hiyo ingepita kimyakimya, maana hakuna anayelia kwa kupotea kwa asichopata kukihesabu.

FUNZO KWA KILA NYUMBA

Elimu hii haikuumbiwa Uingereza peke yake. Afrika ilipovamiwa na viwavijeshi kutoka Amerika kuanzia mwaka 2016, na mahindi ya Afrika Mashariki yakaanza kuliwa, swali la kwanza la mkulima lilikuwa: je, ni huyu au ni kiwavi mwingine? Jibu liko katika alama ndogo: usoni ana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Mwenye mazoea ya kutazama huziona alama hizo kiwavi angali mdogo. Asiye na mazoea huja kutambua shamba likiwa limekwisha.

Kwa hiyo familia yenye matuta machache nyuma ya nyumba, iwe mtaani au katika makazi ya askari, haina haja ya kungoja mtaalamu. Watoto wafundishwe kuhesabu miguu: sita ni mdudu, minane ni buibui, tandu ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili, jongoo ana jozi mbili kwa pingili nyingi. Wafundishwe kutazama kabla ya kukanyaga, na kutomshika kwa mkono wasiyemjua, kwani tandu huuma na baadhi ya viwavi huwasha. Penye simu yenye kamera, wapige picha. Pasipo na simu, wachore. Na mzazi aliyeshika bomba la dawa ajiulize kwanza maswali matatu: huyu ni nani, anakula nini, na nani anamla?

Dawa haina macho. Haimtambui mdudu kibibi wala kidukari, nyuki wala kiwavi. Kutambua ni kazi ya mkulima mwenyewe, na ardhi ya kujifunzia haizidi kipande kinachotosha kupanda kabichi.